Fundi Aliyebomoa Ukuta Wake

Nilikuwa msimamizi wa stoo katika supamaketi moja ya Kyebando wakati mwenye duka alipotununulia mashine za mkononi za kuhesabia bidhaa. Kabla ya hapo tulihesabu kwa kalamu, tukizunguka rafu mpaka macho yanauma. Mashine hizo zilihitaji mahali pa kuchajiwa, na kazi ya kupanga nyaya akapewa fundi umeme mmoja, mama wa Kikongo aliyesomea ufundi Bukavu kabla vita havijamleta Kampala.

Siku ya kwanza hakutoboa chochote. Aliomba kiti, akakaa karibu na mlango wa stoo akitutazama tunavyopita. Meneja wetu, mwanamke wa Kiganda mwenye haraka zake, alitaka chaja zikae nyuma ya friji za maziwa kwa kuwa pale soketi zilikuwepo. Fundi akakataa kwa upole. Sakafu ya pale ililowa kila mara, na friji zilikuwa zinavuta umeme mwingi. Akachagua ukuta wa stoo, tulipopita sote, akauvutia waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la fyuzi.

Ukuta ukachimbwa, paipu zikalazwa, soketi zikapangwa, plasta na rangi zikapakwa. Ulipendeza kweli. Kisha chaja zenyewe zikafika, maana zilikuwa zimekwama forodhani na fundi alikuwa ametumiwa picha zake tu. Vichwa vyake vilikuwa vinene mno. Ukichomeka kimoja, kinafunika na soketi ya jirani.

"Si neno, nnyabo," meneja akamwambia, akimwita bibi kwa Kiganda. "Tutaweka ekstensheni."

Fundi alikuwa bado ameshika chaja ile, akiigeuzageuza.

"Hapana, mama. Ekstensheni zitalala njiani, watu watajikwaa, na siku moja zitashika moto. Hii kosa ni yangu. Nilipima kwa picha, sikungoja chaja."

"Lakini ukuta mzuri hivi!"

"Ni muzuri, ndiyo. Lakini haisaidie watu."

Akachukua tindo na nyundo, akaanza kuubomoa. Vumbi lilifika mpaka kwenye mikate, na wateja wakawa wanachungulia. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, kwetu Nairobi na hapa, na sikuwahi kumwona hata mmoja akisema "kosa ni langu" mbele ya watu wa chini yake. Nikavua koti, nikamsaidia kuzoa kifusi.

"Mama, si ungesema tu waliotuma picha ndio waliokosea?" nikamuuliza.

Akacheka. "Ningesema. Lakini wewe ndiye utashinda hapa kila siku, si mimi."

Mara ya pili alibandika chaja ukutani, akaizungushia penseli, ndipo akachimba. Kila mashine ikapata soketi yake, tena kwa kimo ambacho hata mwenzetu mfupi wa upande wa sabuni alifikia bila kupanda kreti.

Mwenye duka alipokuja kukagua, akamsifu sana. Mimi na meneja tukageukia kazi zetu, tukidhani yamekwisha.

"Hii ni ya mara ya pili, mzee," fundi akasema. "Ya kwanza niliharibu."

Mzee akamuuliza kama ana nafasi ya kwenda kuliona duka lake jingine la Port Bell. Wakatoka pamoja wakizungumza. Mimi nikachomoa mashine iliyojaa chaji, nikaenda kuhesabu mchele.