Kamba ya Wanawake, Kiswere

Nina stashahada ya elimu ya michezo. Niliipata kwa jasho langu mwenyewe, asubuhi nauza chapati, mchana naingia darasani, na niliporudi Kiswere sikurudi nimeinamisha kichwa. Kwa hiyo bonanza la kata lilipotangazwa, nikaunda timu ya kuvuta kamba ya akina mama wanaolima mwani. Mwezi mzima niliwafundisha kusimama, kushika, kuvuta kwa pumzi moja. Wakavuta mpaka nikawaogopa.

Siku yenyewe mwenyekiti wa bonanza akatangaza kwenye spika: kwenye kamba kundi ni moja tu, wanaume na wanawake watashindana pamoja, na zawadi ni mbuzi mmoja.

Nikamfuata. "Shikamoo, mwenyekiti. Kundi la wanawake liko wapi?"

"Marahaba. Si ninyi mnaodai hamsini kwa hamsini? Leo tumewapa. Vuteni!"

Watu wakacheka. Nikamwambia hamsini kwa hamsini ni ya viti vya kamati, si ya misuli. Mvulana akibalehe, mwili wake unajenga misuli mingi kuliko wa msichana, hasa mabegani na mikononi, na mazoezi peke yake hayaifuti tofauti hiyo. "Mbona mbio za watoto mmezigawa kwa umri?" Akainamia karatasi yake.

Aliyenijibu ni mama mmoja wa timu yangu, tena kwa hasira. "We mwalimu, unatuita dhaifu mbele za watu? Mimi nabeba gunia la mwani mbichi kichwani!"

"Unabeba, mama. Na mumeo?"

"Yule? Habebi kitu. Mvivu."

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Lakini akiamua," akaongeza polepole, "anabeba mawili."

Akaenda akaketi juu ya kamba. Wenzake wakaketi naye. Wanaume wakashika ncha, wakaona haya kuwaburuta wake zao mchangani, wakaiachia.

"Haya, kundi lenu lipo," mwenyekiti akasema. "Ila mbuzi ni wa wanaume."

"Basi hatunyanyuki," nikasema, nami nikaketi.

Jua likatuchoma mpaka mwenyekiti akakubali mbuzi achinjwe, nusu iende kwa washindi wa kike.

Tukavuta dhidi ya timu ya wakaanga samaki, wanawake kama sisi. Wakatushinda mara mbili mfululizo, nyama wakala wao. Iliniuma, lakini walivuta vizuri kuliko sisi, basi. Anayetaka kunicheka aje ashike kamba, ilimradi awe mwanamke.