Waliniandika jikoni Zekreet, nikapanda mlima na lighter mfukoni

Wakuu, natumai mko poa mahali mliko.

Hii stori nimekaa nayo wiki mbili, leo naitoa. Siongezi chumvi. Tulikuwa watu kumi na wawili, na najua wengine wao wako humu, wanasoma bila ku-comment. Nikidanganya, wajitokeze waniseme.

Kwanza mnijue. Mimi ni guard wa kike hapa Doha. Nasimama mlangoni kwa jengo moja Al Sadd, nalala Al Wukair. Nyumbani ni Taita, kule juu Wundanyi. Niko na msichana wa miaka sita, Wakio, analelewa na mamangu.

Huu ni mwaka wangu wa tatu sijaona mlima.

Mnaoishi huku mnajua. Doha ni tambarare kama meza. Ukitaka kupanda juu unaingia lifti.

Wakio aliwahi kuniuliza kwa video call kama huku kuna mlima. Nikamwambia hakuna. Akaniuliza, "Sasa mnajuaje mvua inakuja?"

Kwetu mvua unaiona ikiteremka mlima kabla haijakufikia. Huku hata mvua yenyewe sijui ni lini niliiona mara ya mwisho.

Sasa, kuna group yetu ya kukimbia, Wakenya na Waganda kadhaa. Madereva, watu wa hoteli, maguard. Mwaka huu walipata nafasi sita za mbio za milimani Oman mwezi wa nne, kule juu waridi zikichanua. Nafasi tano zilikuwa na wenyewe. Ikabaki moja.

Hiyo moja niliitaka jinsi mtu anavyotaka maji.

Kapteni wetu anaitwa Barasa. Akasema Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, kabla joto halijashika, twende Zekreet kule kwenye vilima vya mawe. Wanaotaka nafasi wapande na kushuka kile kilima kirefu mara mbili, wa kwanza kurudi anachukua. Nikaandika jina langu siku hiyo hiyo.

Mazoezi nilifanyia wapi? Kwa parking ya kazini, ghorofa sita. Nikitoka shift napanda ngazi mpaka juu, nashuka mbio ule mteremko wa magari. Wahindi wa kuosha magari walinizoea mpaka wakaanza kunihesabia raundi.

Alhamisi jioni Barasa akatuma list kwa group.

Runners: wanaume wanane.

Kitchen: Mama Wakio, Akinyi, Nansubuga.

Wakuu, niliisoma mara tatu. Hakuna mtu aliniuliza. Ni ile tabia yetu, tukienda mahali zaidi ya watu watano lazima wanawake wapewe sufuria. Hata tukienda mwezini tutaulizwa nani amebeba vitunguu.

Asubuhi kwa basi nikamwambia Barasa mimi ni runner. Akacheka, si kwa ubaya, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Akanipa lighter, moja tu ya safari nzima. "Shika hii, Mama Wakio. Wewe ndiye jiko letu. Mlima utakuvunja mguu bure, na watu hawa watarudi na njaa."

Nikaitia mfukoni. Nikijibu nikiwa na hasira huwa siachi.

Tulifika jua likiwa bado jipya. Hewa baridi kidogo, mawe meupe, upepo wa bahari. Wanaume wakaanza kujinyoosha. Mimi nikavua ile leso niliyojifunga, chini nikiwa na tights, na viatu vya trail nilivyouziwa na nesi mmoja Mfilipino. Vinanizidi saizi, nilikuwa nimevaa soksi mbili.

Akinyi, rafiki yangu wa hotelini, akaniangalia, akaanza kupanga makaa polepole. Akaniambia, "Nenda mama. Hii pilau haijawahi kukimbia mtu."

Barasa akahesabu, wakatoka. Na mimi nikatoka.

Nikamsikia nyuma akiniita. Sikugeuka.

Kupanda, sitawadanganya, nilikuwa wa mwisho. Kibet alienda kama ameitwa. Ni dereva, Mnandi, mpole, kila mtu alijua nafasi ni yake. Nilikuwa nahema kama pampu mbovu.

Karibu kileleni nikasikia kitu kinanigonga paja. Lighter.

Hapa nisiwe muongo. Ningeweza kurudi. Nilisimama, nikaangalia chini, nikamwona Akinyi mdogo kama punje, anapapasa mifuko.

Sikurudi.

Kushuka ndiko watu hawakufikiria. Wale wote ni watu wa lami na Corniche, ile njia tambarare ya ufuoni. Changarawe ikiteleza wanakaza magoti, wanashuka kiubavu kama kaa. Mimi nyumba yetu iko juu na shule ilikuwa bondeni, na nilichelewa kila siku kwa miaka minane. Kushuka nimefundishwa na mwalimu wa zamu aliyekuwa akingoja getini na fimbo.

Unalegeza mwili. Hatua fupi fupi. Jiwe likikimbia, unakimbia nalo.

Niliwapita mmoja mmoja. Raundi ya pili wakanipita tena kupanda, nikawapata tena kushuka. Kibet nilimkuta katikati ya mteremko wa mwisho, ameshika jabali kwa mikono miwili.

"Mama Wakio, unaenda wapi na hiyo speed?"

"Nyumbani."

Nikafika kwenye mstari. Hakukuwa na mtu ila Akinyi.

Barasa, mwenye saa na daftari, alikuwa ameenda na Nansubuga kwa mahema ya Waarabu fulani kule mbali kuomba moto. Akinyi alikuwa na sufuria ya nyama mbichi. Aliniona nikifika, lakini Barasa aliporudi mikono mitupu, Kibet na wengine walikuwa wameshafika, tumesimama pamoja tunahema.

Akasema hajaona nani amefika kwanza. Akasema Akinyi ni rafiki yangu, hahesabiki. Basi Kibet aandikwe, kwa sababu sote tunajua Kibet.

Wakuu, nilisikia masikio yakiwaka. Nilikuwa na maneno tayari, mengine si ya kuandika humu.

Kibet akaweka mkono juu ya daftari. Hakupaza sauti. "Kapteni, usiandike jina langu. Mimi kutoka pale katikati nimeona mgongo wake tu. Nafasi ni ya huyu mama."

Barasa akaniangalia, akaangalia viatu vyangu, akaandika.

Ndipo nikatoa lighter, nikaiweka juu ya daftari lake. "Jiko lako hili hapa. Washa."

Akinyi alicheka mpaka akakaa chini kwa mchanga. Na Barasa aliwasha, akapika mwenyewe, kwa sababu waliokuwa wanataka kuwahi swala ya Ijumaa mjini walikuwa wanamtazama. Pilau yake ilishika chini. Tukaila.

Funzo ni hili. Usingoje mtu akutoe jikoni, hajui hata kwamba amekuweka. Na Kibet akiwa anasoma hapa, Mungu akuweke. Ungenyamaza tu na ungeenda Oman.

Mbona bado nina hasira? Jana list ya Oman imetoka. Jina langu ni la sita, na mbele yake Barasa ameandika: runner, pia chakula.

Nimemjibu kwa group, kila mtu aone, kwamba lighter yake nilimrudishia Zekreet.

Ijumaa ile jioni nilimwambia Wakio nimepata mlima. Akauliza kama ni mkubwa kuliko wetu. Nikamwambia sijui, nitaupanda kwanza. Akasema nikifika juu nimpigie, anataka kuona mvua ya huko inatokea upande gani.

Haya wadada wa Gulf, nani mwingine aliwahi kuandikwa kwa list ya sufuria bila kuulizwa? Wanaume pia semeni, lakini someni uzi wote kwanza. Na aliyewahi kupanda milima ya Oman aniambie soksi mbili zinatosha au nitafute viatu vingine.