Bega la Kushoto la Mkuu wa Majeshi

Gaudence ana chumba cha ushonaji Rosettenville, mtaa wa Johannesburg, ubavuni mwa duka la mikate la Mreno mmoja, na wateja wake wengi huja na zipu zilizoharibika. Huja pia na sare za shule za kupunguza, magauni ya kwaya, na jinzi ambazo mtu alinunua akiamini atakonda. Kazi hiyo haimchoshi. Akiwa mbele ya cherehani, redio ikizungumza taratibu, siku humpita bila yeye kujua.

Zamani, huko Bujumbura, hakuwa akishona zipu za watu. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa fundi katika makao makuu ya jeshi, milango miwili kutoka ofisi ya mkuu wa majeshi, na kazi yake ilikuwa nguo za mtu huyo mmoja tu. Jina lake hakuna aliyelitamka humo ndani. Walimwita Mkubwa, basi. Chumbani kwa Gaudence palikuwa na kioo kirefu, na makanali walioitwa ofisini walipita hapo kwanza. Wanaume ambao sauti zao ziliwatetemesha askari uwanjani aliwaona wakivuta mikanda, wakifuta jasho la shingo, wakinong'ona maneno waliyokusudia kusema. Alijifunza kutazama sindano yake.

Siku ya kwanza alipompima Mkubwa aliona jambo. Bega la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia, upana wa kidole kizima. Gaudence hakusema kitu. Alirudi chumbani kwake akaongeza tabaka mbili za kitambaa kinene ndani ya bega hilo, chini ya bitana, na tangu hapo kila koti la Mkubwa lilishonwa hivyo. Nyota zilikaa sawasawa. Kwenye gwaride watu walisema mkuu wa majeshi amenyooka utadhani amechorwa kwa rula.

Kisha Mkubwa akastaafu, mkuu mwingine akaja na fundi wake, na Gaudence akamfuata mumewe Léonce, ambaye tayari alikuwa mlinzi Johannesburg. Binti yao Inès amekulia huku. Anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kizulu, na habari za mama yake kuhusu makao makuu ya jeshi alizisikiliza kama mtu anavyosikiliza hadithi.

Mwaka jana, Alhamisi moja ya Aprili, akaingia Tania, bibi harusi wa Turffontein, mtaa wa jirani, ambaye Gaudence alikuwa akimshonea gauni. Alikuja na mjomba wake, aliyefika juzi yake kwa ndege kutoka Bujumbura ili amtoe kanisani, kwa kuwa baba yake alikwisha kufariki. Suti ya mjomba ilimpwaya.

Mzee aliingia akiinamisha kichwa kukwepa nguo zilizotundikwa. Nywele zilikuwa zimekwisha na mashavu yameingia ndani. Gaudence alimwamkia, akachukua futi, akapita nyuma yake. Hapo mikono yake ikasimama. Bega lile angelitambua hata akiwa amefumba macho.

Mzee hakumkumbuka. "Fanya unavyoweza, mama," alisema. "Tangu nistaafu sijapata koti la kunikaa. Mke wangu anasema ninachokosa si fundi, ni ile ofisi."

Alicheka, lakini Gaudence alisikia kwamba hakuwa akitania. Aliamini hivyo kweli. Basi akampima, akawaambia warudi kesho, na jioni yote akawa akijiuliza. Akimwambia siri ya bega lile, je, atakuwa amempa kitu au amemnyang'anya? Léonce alimshauri anyamaze, wakubwa si watu wa kuambiwa walivyo. Gaudence alikata vipande viwili vya kitambaa kinene, akavishona mahali pake.

Ijumaa mzee alivaa koti, akafunga kifungo, akajitazama kwenye kioo. Akageuka upande huu na ule, akaligusa bega la kushoto.

"Umefanya nini hapa?" mzee akauliza.

"Nilichokuwa nikifanya siku zote, Afande. Bega lako la kushoto liko chini. Mimi ndiye niliyekuwa nikikushonea kule makao makuu."

Mzee akageuka polepole, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Kisha akavuta kiti akaketi, koti likiwa bado mwilini, akasimulia. Akiwa na miaka tisa alianguka na baiskeli akishuka mlima na mikungu ya ndizi, mfupa ukaunga vibaya. Siku ya kuandikishwa jeshini aliliinua bega mbele ya daktari, na toka hapo alijizoeza kuliinua. Alipopewa ofisi ile kubwa aliona kwenye kioo limenyooka lenyewe, akadhani ni cheo.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na koti lilikuwa limekukaa vizuri."

Mzee akacheka mpaka akatoa leso. Kisha akamwuliza jina lake, maana miaka yote hiyo alikuwa hajalijua, akalirudia mara mbili taratibu.

Jumamosi Gaudence na Inès walikaa meza ya wajomba, mbele kabisa. Mzee alimwambia kila aliyekuja kumsalimu kwamba huyu ndiye aliyemnyoosha, na wageni wakadhani ni mzaha wa wazee. Alicheza na bi harusi, akacheza na Gaudence, na mishono yote ikastahimili.

Mchana ulipokuwa ukiisha mama na binti walirudi kwa miguu, viatu vya harusi mkononi. Walipofika kwenye robot, taa za barabarani, Inès akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, ile ofisi ndani ilikuwaje.

Gaudence alikuwa ameingia mara tatu tu, kumpima Mkubwa. Akamwambia juu ya bendera, simu nne, na dirisha lililotazama ziwa. Akamwambia pia juu ya kandambili za plastiki chini ya ile meza kubwa, za buluu, moja imefungwa kwa waya, ambazo Mkubwa alivaa mlango ukishafungwa.

Inès alisimama kando ya barabara akicheka, taa ikawa kijani, ikawa nyekundu tena. Hawakuwa na haraka.