Alizaliwa Kamina, Akafa Mgeni

Juma lililopita msafiri mmoja aliyeshuka treni ya kutoka Kasai aliniambia kwamba rafiki yangu wa shule amefariki huko, kwa homa, katika kijiji cha baba yake. Alisema mpaka siku ya mazishi watu wa kijiji walikuwa wakimwita "muntu wa Katanga". Wasomaji wangu, nivumilieni leo nikiandika kwa uchungu. Sisi wa Katanga tulimfukuza kwa kuwa wa Kasai, na katika kumfukuza huko mkono wangu ulikuwamo.

Alizaliwa Kamina, humu humu Katanga, katika kambi ya reli, ambako baba yake alikuwa fundi wa mashine. Mimi ni mtoto wa wakulima wa palepale. Mama yangu alikuwa akiuza mihogo kambini, na siku mama wa marehemu aliposhikwa na uchungu, ni mama yangu aliyempokea mtoto. Tulisoma pamoja kwa mapadri. Nilipokwama katika hesabu alinifundisha kwa kuchora na mkaa kwenye sakafu ya jiko lao, mpaka mama yake akafoka, "Batoto, leo tutakula namba?" Tulipofaulu kuingia chuo kikuu, wenyeji na wageni walijaa stesheni kutuaga, na mama zetu wakalia wakiwa wameshikana mikono.

Mwaka wetu wa pili siasa zilichacha. Sokoni watu walisema wazi kwamba wageni wamekula kazi zetu, sasa warudi kwao. Chuoni vitanda vya bweni vilikuwa vichache, ikaamriwa vipewe kwanza wana wa jimbo. Karani wa bweni akatuita sote wawili.

"Weye, baba yako iko wa wapi?"

"Baba iko wa Kasai," akajibu rafiki yangu. "Lakini minyi nilizaliwa Kamina. Uliza huyu, mama yake njo mwenye alinipokea."

Karani akanigeukia. "Iko kweli?"

Mlangoni walisimama vijana wa chama kilichotaka wageni waondoke, wawili kati yao wa ukoo wangu. Nikatazama chini, nikasema, "Minyi sijui."

Karani akanipa mimi kitanda, yeye akamnyima. Rafiki yangu alikwenda kwa mkuu wa chuo, Mzungu mpole, akaambiwa kwamba chuo hakijiingizi katika siasa. "Basi leo nilale wapi, Bwana Mkuu?" akauliza. Bwana Mkuu akamtakia heri. Alihangaika mitaani majuma matatu, kila mwenye nyumba akitishwa na vijana wale asimpokee, kisha akapanda treni. Kamina akawakuta wazazi wake wamekwisha kufunga mizigo, wakaendelea pamoja kwenda "kwao", mahali ambapo hakuwa amepaona hata siku moja.

Tuna msemo mzuri: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tukishapona, tunamwonyesha mlango. Na chuo, kilichotufundisha kupima ushahidi kabla ya kuhukumu, kilishindwa kuandika barua moja yenye muhuri: huyu ni mwanafunzi wetu, asiguswe. Msinijibu kwamba haikuwezekana. Mwalimu wetu wa elimu ya mimea aliwachukua vijana wawili wa Kasai, akawalaza katika chumba cha vitabu vyake na kuwasindikiza darasani kila asubuhi. Vijana wa chama walimzomea siku nne, wakachoka. Wale wawili walimaliza masomo. Rafiki yangu, aliyewazidi wote kwa akili, alikufa akifundisha alfabeti katika kijiji kilichomwona mgeni.

Siku hizi naalikwa mara kwa mara kusema katika sherehe za shule, na watu hunipigia makofi. Mnaoongoza vyuo, nisikilizeni mimi niliyekosa: siku watu watakapokuja kuwachagua wanafunzi wenu kwa makabila ya baba zao, msisubiri siasa zipoe. Fungueni mabweni, andikeni barua, simameni nao njiani. Nanyi wanafunzi, mkiulizwa habari za mwenzenu, semeni mnachokijua. Mimi nilisema sijui, nikapata kitanda, na tangu siku ile sikuwahi kumwandikia hata barua moja.