Sanduku Nyuma ya Jukwaa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaribia kufukuzwa kabla ya saa tisa mchana, na kosa langu lilikuwa usafi.

Nilikuwa nimetoka kwenye ghala moja la mizigo huko Wetherill Park, ambako karatasi iliyosahauliwa mezani ni aibu ya zamu nzima. Kazi mpya ilikuwa ya kuandaa ukumbi katika maktaba ya Wayahudi hapa Sydney, palipofanyika mihadhara ya historia na mazungumzo ya vitabu kila wiki. Nilipewa siku moja ya majaribio. Nyumbani, katika kitongoji cha Minto, mke wangu na watoto wanne walikuwa wanasubiri jibu.

Siku hiyo profesa alizungumzia sala za kale. Nilipanga viti, nikajaribu maikrofoni, nikawasha waya wa usikivu, ule unaofichwa chini ya zulia na kupeleka sauti moja kwa moja kwenye vifaa vya masikioni vya wazee. Kwenye kila kiti niliweka kitini, yaani karatasi yenye maandishi ambayo msemaji atayafafanua. Watu walipoondoka, Mkurugenzi wa Mihadhara, mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, akaingia.

"Vitini vilivyobaki viko wapi?"

"Nimeshavitupa, Mama. Kwenye pipa la karatasi, si la taka," nikajibu kwa fahari.

Akashika kichwa. "Vina Jina la Mungu! Hatuvitupi, tunavizika."

"Mnazika karatasi?"

"Makaburini, kama mtu. Kimbia!"

Lori la kuzoa karatasi lilikuwa limeshafika. Nilikimbia, naye nyuma yangu na viatu vya visigino, akipiga kelele mpaka dereva akazima injini. Nikazama ndani ya pipa hadi kiunoni.

"Vingapi?"

"Kumi na viwili."

"Bado kimoja. Nilihesabu!"

Cha mwisho kilikuwa kimenata kwenye boksi la piza. Akakipangusa kwa leso yake mwenyewe, akanitazama nilivyochafuka, akacheka hadi akaegemea lori.

"Kesho uje saa mbili," akasema.

Nilibaki miaka kumi na tisa. Nyuma ya jukwaa palikuwa na sanduku la mbao la vitini na vitabu vya sala vilivyochakaa. Likijaa, tulilipeleka makaburini, nami nilishika koleo pamoja nao.

Maikrofoni nilifundishwa na Mwenyekiti wa Mihadhara, mwanasheria mstaafu. "Usiiachie kamwe," aliniambia. "Mtu wetu ukimwachia, swali lake litaanzia kwa babu yake." Kwa hiyo niliishika mimi mbele ya kila mdomo. Mmoja akimpinga mwandishi, wawili walimpinga huyo mmoja, na jirani yao akawapinga wote. Mwanzoni nilianza kuondoa viti nikidhani watapigana.

"Wanagombana?" nikamnong'oneza Mwenyekiti.

"Wanafurahi. Siku wakinyamaza, mwite daktari."

Ninyi mnaoanza kazi leo, msione haya kuuliza kitu kinakwenda wapi kabla hamjakitupa. Mimi niliuliza nimechelewa, nikabahatika.

Siku ya kustaafu kwangu waliniomba nizungumze. Nilikuwa sijawahi kusimama upande ule wa maikrofoni. Niliandika ukurasa mmoja, nikauanza kwa mstari wa Zaburi kwa Kiswahili, kama tunavyousoma kanisani kwetu. Mkurugenzi wa zamani, sasa anatembea kwa mkongojo, alikaa mstari wa mbele. Nilipomaliza, nikaiinua karatasi yangu.

"Na hii, ina Jina la Mungu. Inakwenda pipa gani?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, kisha ubishi ukaanza.

"Si Kiebrania. Pipa!" alisema mzee mmoja.

"Jina ni Jina, bwana wee!" mama wa nyuma akamjibu.

"Nani kasema?"

"Wewe nani kakwambia?"

Keki ikaletwa, chai ikapoa, hakuna aliyeshinda. Mkurugenzi akainuka polepole, akaichukua karatasi mkononi mwangu, akainyoosha kifuani kwake, akapita nyuma ya jukwaa. Katikati ya kelele zile nikasikia mfuniko wa sanduku ukifungwa.