Bastola Isiyolia

Wiki iliyopita kazi ilinipeleka mji wa Shakopee. Siku hizi nahudumia wazee majumbani mwao, naogesha, nalisha, nawapa dawa zao, halafu naingia garini kwenda kwa mwingine. Mzee wa siku hiyo alikuwa mpya kwangu, njia yake siijui, nikawa nafuata simu inavyoniambia, kata kulia, kata kushoto. Mara nikajikuta mbele ya ghala jipya, refu hadi macho yanachoka, malori yamepangwa mstari. Nikatazama mto ule pale chini, nikatazama kilima, nikasema, eh, si ndipo hapa? Hapa ndipo tulipokaa. Nikazima gari nikangoja nilie kidogo, maana ndivyo watu wanavyofanya. Sikusikia kitu. Nikala mkate wangu, nikaondoka.

Lakini tangu siku hiyo mambo yale hayanitoki, na wewe una subira, basi nikusimulie.

Tulipotoka kambi ya wakimbizi tukaletwa huku, walitupa apartimenti mji wa New Hope, ghorofa ya tatu, watu watano vyumba viwili. Mama alitandika vitanda hotelini Bloomington. Baba akapata kazi kwenye ghala Shakopee, na kule kuendesha gari kwenye theluji kila alfajiri kukamshinda. Mtu wa kanisani akamwambia kuna mzee mmoja mzungu, mjane, ana nyumba nje ya mji katikati ya mashamba ya mahindi, anapangisha besimenti, ile sehemu ya nyumba iliyo chini ya ardhi. Tukahamia, baba, mama, bibi mzaa baba, mdogo wangu wa kiume na mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Ilikuwa raha, usione nasimulia kwa sauti hii. Bibi alilima lengalenga, mchicha wa kwetu, nyuma ya gereji. Jumamosi alitwanga karanga za kutia kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, kinu kimekaa kwenye saruji ya gereji, tu, tu, tu, na mimi nikifua, nikikunja, nikipangusa ngazi. Mawese yakishashika moto harufu ilipanda juu kwa mwenye nyumba, naye hakuchelewa. Alishuka ngazi polepole, masikio mekundu, akajifanya amekuja kukagua bomba. Bibi alicheka, "Muzungu ameshasikia njaa," akampakulia. Alikula bugali kwa uma, masikini, akiisukumasukuma kwenye sahani.

Bibi hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, na mwenye nyumba hakujua neno la kwetu. Baba na mama walikuwa kazini muda wote. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao. Bibi aliniambia tangu mwanzo, "Ukisema maneno yangu, sema yote. Usiongeze, usipunguze." Nikawa nafanya hivyo. Habari za lengalenga, za marehemu mke wa yule mzee, za magoti ya bibi. Walizoeana sana kupitia kwangu.

Sasa, mwenye nyumba alikuwa na starehe moja. Alipenda kupiga shabaha. Nyuma ya uwanja palikuwa na tuta kubwa la udongo, na kule nje ya mji sheria haikumkataza. Alipanga makopo juu ya ubao akayaangusha kwa bastola, moja moja, bila haraka, kama mtu anayekunywa chai. Hatukujua. Jumamosi ya kwanza alipofanya hivyo tukiwepo, mahindi yalikuwa yameshatupita kimo. Tukasikia pa! Halafu pa! tena.

Bibi aliacha mchi ukaanguka. Alichukua mfuko wenye hati zetu za ukimbizi, mdogo wangu mkono huu, mimi mkono ule, tukaingia kwenye mahindi tukalala chini. Alitulalia juu. Akaninong'oneza, "Ukiisikia risasi, ujue haikukupata. Wenye ilipata hawakuisikia." Tulikaa humo mpaka baba akarudi kutoka shifti, akatupata kwa kikohozi cha mdogo wangu.

Mwenye nyumba alipoelezwa, uso ulimwisha damu. Alishuka akiwa ameshika kofia mikononi, akaniomba nimwombee radhi kwa bibi, kwamba hakujua. Bibi akajibu, "Mwambie sina neno naye. Ni mwili tu, hauna akili." Nikatafsiri yote.

Tangu siku hiyo bastola haikutoka kabatini. Vuli ikapita, baridi ikapita, tukachimba theluji wote pamoja. Kumbe mzee alikuwa ameomba kibali cha sailensa, ile kitu wanayofunga mdomoni mwa bastola isipige kelele. Si kitu unachonunua ukaondoka nacho. Alipigwa picha, akatoa alama za vidole, akaandika makaratasi, akangoja miezi na miezi. Yote hayo kwa sababu ya bibi mmoja asiye na undugu naye. Ilipofika akamwonyesha baba, akamuuliza kama ataruhusu. Baba akasema, kama mama yake hatasikia, kwake hakuna shida. Wote wawili wakaona ni vizuri wasimwambie, wasije wakamtia hofu bure. Na mimi ndiye niliyetafsiri hayo pia.

Basi nilimwona mzee akipiga. Bastola ndogo, ya risasi zile nyembamba kuliko penseli, na ile sailensa mbele imeifanya ndefu. Mlio wake ulikuwa kama stepla ya mwalimu ikibana karatasi. Tak. Kopo linaruka. Bibi kule gereji akitwanga karanga, hasikii lolote.

Nilianza kwa kumwokotea mzee makopo, nikaishia kushika bastola yenyewe. Alinifundisha kwa uangalifu mno, miwani usoni, yeye kasimama begani kwangu. Alikuwa na maneno yake ambayo mpaka leo nayasikia: usiielekeze mahali usipotaka pawe na tundu. Na lingine: kidole kikae nje mpaka jicho liridhike. Baba alijua. Alinikuta siku moja, akatazama, akasema tu, "Mama yangu asijue. Basi, fini."

Nilipenda, sitaki kukudanganya. Nilipenda harufu yake, ya kiberiti na mafuta. Nilipenda maganda ya shaba yakirukia kwenye nyasi yakiwa bado ya moto, nikiyakusanya kwenye mkebe wa kahawa. Shuleni walinicheka Kiingereza changu, nyumbani kila barua ya serikali nasoma mimi, kila simu napokea mimi, kichwa changu hakikuwa na nafasi. Lakini nikisimama pale na kopo la maharage liko mbele yangu, kila kitu kilizimika. Sikumwaza mtu. Tak. Nilikuwa hodari pia, hilo alilisema mzee mwenyewe, na kusifiwa kwangu halikuwa jambo la kila siku.

Jumamosi moja, mahindi yameanza kukauka, kinu kilinyamaza na mimi sikutambua. Besimenti ile ilikuwa na kidirisha usawa wa nyasi, jikoni, kinatazama nyuma. Bibi alikuwa ameingia kuchukua chumvi. Nilipogeuka nilimwona amesimama nyuma yetu, kitenge kimefungwa kifuani, mikono myeupe kwa unga wa karanga.

"Iko nini hiyo?"

"Ni bastola, bibi."

"Na mlio yake iko wapi?"

Nikamweleza. Nikamwambia mzee ameifunga hivi kwa ajili yake, asishtuke. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesimama pale dirishani," akasema, "ninaona mukebe unaanguka yenyewe. Moja. Mbili. Tatu. Nikajiambia leo imefika na sikuisikia." Akanyoosha kidole kwenye sailensa. "Mwambie aondoe ile kitu. Bunduki ilie, nijue iko wapi. Na umwambie hivi: ninamuomba, hata kwa magoti, asikupatie tena. Wewe hapana. Watoto wangu wawili walipewa bunduki ku pori wakiwa na kimo chako. Hawakurudi. Mwambie yote."

Sikuwahi kuyajua hayo. Nilijua baba alikuwa na ndugu, basi. Nilimgeukia mwenye nyumba. Yeye alikuwa ameishusha bastola, anatutazama kwa zamu, hajui kama amefanya kosa.

Nikamwambia kwa Kiingereza, "Anasema uondoe sailensa. Anataka kuisikia."

"Basi? Mbona amesema mengi?"

"Basi."

Sijui nikwambie nini. Nilitaka kuendelea. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta miaka yote. Nilikuwa na kitu kimoja changu na sikutaka kukitoa.

Mzee alitabasamu, nikaona meno yake yote. Alidhani bibi amepona. Alidhani amekuja mwenyewe kuitazama ile hofu usoni. Macho yakamjaa maji, akavuta kiti cha bustanini akamwekea bibi, akashika sailensa kwa kitambaa kwa sababu ilikuwa ya moto, akaizungusha ikatoka. Halafu akanipa mimi bastola, akanishika bega, akasema, haya, mwonyeshe.

Bibi hakukaa kwenye kile kiti. Nikainua mkono. Nikapiga. Pa! Kopo likaanguka, na mwenye nyumba akapiga makofi taratibu, mara mbili. Nilidhani bibi atashtuka. Hakutikisika hata kidogo. Na hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anamtazama yeye, mtu aliyeombwa kwa magoti akajibu kwa kumpa mtoto bastola palepale. Kisha akarudi gereji kumalizia karanga zake.

Wiki mbili baadaye aliondoka kwenda kwa shangazi, binti yake, Texas. Hakusema sababu. Alisema baridi imemaliza mifupa yake. Baba alimbembeleza, mama alilia, mdogo wangu alijifungia chooni. Asubuhi ya safari mwenye nyumba alileta boga kubwa alilolima mwenyewe, akampa kwa mikono miwili. Bibi akaliweka kwenye ngazi, akapanda gari. Mzee akaniuliza, nimemfanya nini? Nikamwambia, amemkumbuka binti yake.

Jumamosi iliyofuata tulipiga makopo kama kawaida, sailensa imerudishwa. Niliyaangusha yote sita.

Bibi alipougua ilikuwa mwaka wa pili tangu aondoke. Shangazi alimwekea simu sikioni. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nje, mwenye nyumba yuko mbele yangu na reki, anakusanya majani. Sauti ya bibi ilikuwa imepungua.

"Siku ile," akasema, "ulimwambia yote?"

"Ndiyo, bibi."

"Na yeye alijibu nini?"

Ningeweza kusema ukweli wakati ule. Hakuna aliyekuwa ananisikia, mzee mwenyewe haelewi neno. Alikuwa amesimama kunitazama, ameegemea reki, akaniuliza kwa midomo bila sauti, hajambo?

Nikasema, "Alisema hapa ni kwake, bibi."

"Aah," akasema. "Nilijua tu." Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula.

Nilipokata simu mwenye nyumba akasogea, akauliza bibi amesema nini. Nikamwambia, anakusalimu sana, anasema hajakusahau. Alifurahi yule mzee! Alivua kofia akaivaa tena. Akasema, mwambie maboga ya mwaka huu ni makubwa kuliko lile nililompa. Akaendelea na majani yake.

Bibi alifariki kabla ya theluji, akazikwa Texas, nami sikulia. Mwenye nyumba aliuza baadaye, akahamia nyumba ya wazee, naye hakukaa sana. Siku ya mazishi yake watoto wake waliniambia alitutaja mara nyingi, mimi na bibi yangu. Nilishukuru. Nyumba ilivunjwa, tuta likasawazishwa, mahindi hakuna.

Wakati mwingine nikiwa naendesha nayasema yale maneno kwa Kiingereza, yote, kama alivyoniagiza, yale ya magoti na ya wale watoto wawili. Nayasema vizuri, Kiingereza changu sasa hakichekwi na mtu. Nikimaliza, nafika kwa mgonjwa wangu, navaa glavu. Wote wawili walikufa wakiamini kwamba nilitafsiri sawasawa.