Mbao za Gitaa la Mama

Baba yangu alianza kutengeneza magitaa hapa Ifakara, kwetu Lumemo, kabla sijazaliwa. Mwanzoni alikuwa fundi wa vitanda na makabati tu. Siku moja mwanakwaya akamletea gitaa lililopasuka tumbo. Baba akalifungua, akakaa nalo wiki nzima, halafu akaunda la kwake. Mwenyewe alikuwa anasema lile la kwanza lilikuwa linakohoa. Baadaye akabuni yale ya mfuniko. Anachukua mfuniko wa sufuria, anaugonga taratibu mpaka unakuwa kama bakuli, anaufunga tumboni mwa gitaa chini ya nyuzi. Sauti yake si mchezo. Huko Mofu, enzi hizo hakuna umeme, gitaa moja lilitosha harusi nzima, na wapigaji wengine walipanda treni kutoka Chita kulifuata.

Yote aliyauza. Mama alikuwa anamtania kwamba ameolewa na fundi wa magitaa lakini anaimba mikono mitupu. Nyumbani kwetu mwenye sikio alikuwa mama. Baba anagonga ubao, anamuuliza huu unasemaje, mama anauimba. Basi baba akamwahidi lake. Akachagua mbao tatu za mninga, akazilaza kwenye uchaga juu ya mafiga, pale pale tunapokaushia kuni, ili moshi uzikaushe polepole. Ubao mbichi ukiharakishwa unapasuka. Mama alipika chini ya mbao zile miaka tisa, anazigeuza kila Jumapili akitoka misa, anauliza kama zimeiva. Baba anamwambia bado.

Zilipoiva, baba akazipiga randa, akazichora, akazirudisha uchagani. Mama akaugua. Akafariki kabla baba hajashika msumeno.

Asubuhi ya mazishi baba aliniita pembeni. Akasema gitaa atalitengeneza hivyo hivyo, na litapigwa siku ya arobaini. "Nilimwahidi," alisema. "Kufa kwake hakunifungui." Nikaitikia tu. Miaka kumi na nne nilikuwa naishi Morogoro mjini, na wala sikuuliza mbao ziko wapi.

Msibani kwetu jikoni ni kwa watani. Wanaiba kuku wako, wanamwigiza marehemu anavyotembea, unacheka huku machozi yanakutoka, na huruhusiwi kukasirika. Mvua ilikuwa imenyesha, kuni za nje zote zimelowa. Mtani mmoja, mama mtu mzima, akaniuliza kuni kavu ziko wapi. Na mimi mjuaji, dada mkubwa mwenye funguo kiunoni, nikanyoosha mkono.

"Zipo juu ya uchaga. Chukueni zote."

Zote! Ningesema hata chache, jamani.

Wali ulipokaribia kuiva nikaenda kuangalia. Kwenye mafiga kulikuwa na ncha ya ubao uliopigwa randa, na juu yake mstari wa penseli, kiuno cha gitaa, mkono wa baba kabisa. Nikauvuta, nikaungua vidole. Uliobaki ulikuwa mkaa. Ningemgombeza nani? Mtani hagombezwi, na aliyetoa ruhusa ni mimi.

Baba alikuwa amekaa na wanaume chini ya turubai, hatua chache tu kutoka pale. Sikumwambia. Tukamaliza matanga, na kila siku nilikuwa nasubiri aingie jikoni kuchukua mbao zake. Hakuingia hata mara moja. Arobaini ikafika, kwaya ikaimba bila gitaa.

Wageni walipoondoka nilishindwa kuvumilia. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia, "Baba, ni mimi niliyewaambia wazichukue."

"Najua," alisema. "Nilikusikia. Na harufu ya mninga ikanifikia pale nilipokaa."

Nikamuuliza kwa nini hakuinuka.

"Mwanangu, watu wote wale. Ningeinuka, ungeaibika mbele yao siku ya kumzika mama yako. Nikaona bora ziungue."

Nililia kuliko nilivyolia kaburini.

Hajatengeneza gitaa tena. Nikija likizo nawakuta wateja uani, wengine wametoka mbali, wanambembeleza. Anawaambia macho hayaoni. Wananigeukia mimi, wananiuliza ni kweli mzee haoni, nami nawajibu ni kweli. Macho yake ni mazima kabisa.